Tuandae majahazi yetu kabla ya Aprili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na manahodha, wenye vyombo na viongozi wa madiko, yaani bandari ndogo za wavuvi, kuanzia Tanga hadi Mtwara pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, juu ya maandalizi ya vyombo vya tanga dhidi ya vimbunga. Nimekulia kwenye mashua na hadi leo ninamiliki moja hapa Kilindoni, Mafia, na ninaandika kwa sababu kila mwaka tunaingia masika tukiwa na kamba zilezile chakavu, nanga moja, na imani kwamba kimbunga ni balaa la Msumbiji, Madagaska na Komoro, ambalo likija kwetu litakuwa limekwisha nguvu njiani.

Imani hiyo ina asili yake. Vimbunga havizaliwi karibu na Ikweta, kwa kuwa nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo hadi ukazunguka ni hafifu mno huko, na kwa hiyo kadiri unavyokwenda kaskazini kutoka kwetu ndivyo vinavyozidi kuwa nadra. Lakini Unguja iko nyuzi 6 kusini, Mafia karibu nyuzi 8, Lindi na Mtwara nyuzi 10, na historia ya ukanda huo haituruhusu kulala. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikaharibu meli za Sultani Barghash bin Said na majahazi mengi yaliyokuwa bandarini, kikang'oa na mikarafuu ya kisiwa hicho, huku Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. Aprili 1952 kimbunga kingine kilipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji, katika jimbo la Cabo Delgado ambalo ni jirani wa Mtwara, baada ya kuipitia Ngazija. Aprili 2021 Kimbunga Jobo kilielekea pwani yetu na kufifia kilipokaribia nchi kavu. Na tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika hapa Mafia.

Msomaji azitazame tarehe hizo. Katika muda wa miaka zaidi ya 150, vimbunga hivi vitano tunavyovikumbuka vimetujia katikati ya Aprili au baada yake, hadi siku za mwanzo za Mei. Msimu wa vimbunga wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuanzia 15 Novemba hadi 30 Aprili, na Hidaya ilitufikia msimu huo ukiwa umekwisha kufungwa kwenye makaratasi. Ni kipindi ambacho kaskazi imekufa na kusi haijashika, maji ya bahari bado yana joto, na pepo za juu zinazoweza kukivunja kimbunga zimelegea. Ni kipindi hichohicho ambacho vyombo vingi vimejazana bandarini, vingine vikisubiri mizigo na vingine vikisubiri upepo wa kurudia kwao. Sisemi kwamba miezi mingine ni ya amani, maana Kimbunga Chido kilipiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024 na kusukuma vyombo vingi hadi nchi kavu. Ninachosema ni kwamba wiki zetu za hatari zinajulikana, na mtu anayejua wiki ya hatari hana sababu ya kungoja tangazo ndipo aanze kutafuta kamba.

Sina lawama kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kwa Hidaya taarifa zilitolewa mapema, redio zilitangaza, usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Unguja ukasimamishwa, na watu wengi wakabaki nchi kavu wakiwa hai kwa sababu hiyo. Tatizo langu linaanzia pale taarifa inapofika dikoni ikiwa imebaki na maneno mawili tu, kwamba tuchukue tahadhari. Kila mmoja huyatafsiri kadiri anavyoweza. Mmoja anaongeza fundo kwenye kamba, mwingine anaisogeza mashua yake karibu na ya jirani ili zikingane, wa tatu anawaambia vijana wake walale chomboni. Mambo hayo matatu ndiyo yanayovunja vyombo na kuua watu, na yote hufanywa kwa nia njema.

Nianze na lile ambalo naona halizungumzwi kabisa, nalo ni upande upepo utakakotokea. Sisi tumejenga madiko yetu kwa kufuata kusi na kaskazi. Bandari ya mji wa Unguja inaelekea magharibi, na Kilindoni hivyohivyo. Zote mbili zinapata hifadhi ya kisiwa dhidi ya pepo za kawaida za mwaka, na nahodha aliyetia nanga hapo amezoea kuiona nchi kavu ikiwa ngao yake. Kimbunga hakifuati desturi hiyo. Kwa upande wetu wa Ikweta upepo wake huzunguka kwa mwendo wa mishale ya saa, na kwa kawaida hutujia kikitoka mashariki. Kikipita kusini ya ulipo, upepo utaanza kutoka kusini, uhamie kusini-magharibi, kisha magharibi, na umalizikie kaskazini-magharibi. Maana yake ni kwamba ule ufukwe uliokuwa ngao unageuka kuwa ukuta ulio nyuma ya chombo chako, na mawimbi yanayotoka kwenye mlango wa Mafia au mlango wa Zanzibar yanakusukuma juu yake. Kikipita kaskazini ya ulipo, upepo utatoka kusini na kuhamia kusini-mashariki, kisha mashariki, na huo ndio upande mbaya zaidi, kwa sababu mwendo wa kimbunga chenyewe kuelekea magharibi hujumlishwa na mwendo wa upepo. Ghuba kama ya Lindi, iliyofunguka upande wa bahari kuu, huwa haina kinga katika hali hiyo.

Nahodha asiye na chombo chochote cha kupimia anaweza kujua mambo haya kwa mwili wake. Uelekee upepo uso kwa uso. Kitovu cha kimbunga kitakuwa mkono wako wa kushoto, nyuma kidogo ya bega. Rudia baada ya saa moja au mbili. Kama upepo unazidi nguvu lakini haubadili upande, kitovu kinakuja kwako. Katika hali hiyo jiandae pia kwa utulivu wa ghafla, mbingu zikafunguka na watu wakatoka nje kushukuru, kwa maana hilo ni jicho la kimbunga, na likishapita upepo hurudi kutoka upande wa pili kwa nguvu ileile. Hakuna wakati unaoua watu wa pwani kirahisi kama huo, kwa sababu ndipo kila mwenye chombo anapokimbilia majini kwenda kutazama nanga yake.

Kwa hiyo swali la kwanza la maandalizi ni mahali. Chombo kinatakiwa kiwekwe pale ambapo kitasalimika upepo ukitoka kila upande, na mahali pa namna hiyo ni pachache na panajulikana na wazee wa kila diko. Ngalawa, madau na mashua ndogo mahali pake ni nchi kavu, na hapo sina mjadala. Ziburutwe kwa magogo hadi juu ya alama ya maji ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi, tena mbali zaidi ya pale tunapoziweka siku za kusi, kwa kuwa kimbunga huinua usawa wa bahari na mawimbi hupanda juu ya huo. Ngalawa ifunguliwe mirengu yake, yaani mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, maana upepo huishika mirengu na kuibinua ngalawa yote. Ilazwe chini, ijazwe mchanga mbichi kiasi cha nusu, na ifungwe kwenye kitu kilichoshika ardhi. Mnazi mrefu si kitu cha kufungia chombo, na chini ya mnazi si mahali pa kukiweka.

Majahazi na mashua kubwa yasiyoburutika yanahitaji mkondo mwembamba wenye mikoko pande zote mbili. Huko chombo hukaa katikati kama buibui katika utando wake, kikishikwa na kamba sita au nane zilizofungwa kwenye mashina ya mikoko ya kulia na kushoto, mbele na nyuma, hata upepo ukigeuka namna gani ziwepo kamba zinazouelekea. Kamba zifungwe chini kabisa ya shina, kwa kitambaa kipana au gunia ili zisiukate mti, na ziachwe na ulegevu wa kutosha kwa maji kujaa na kupwa. Usikatwe hata mkoko mmoja kwa ajili ya kupata nafasi, kwa kuwa mikoko hiyo ndiyo inayolivunja wimbi. Natoa tahadhari moja kwa wale wanaokimbilia delta ya Rufiji. Mwaka 2024 mto ule ulikuwa umefurika hata kabla ya Hidaya kufika, na mto uliofurika huja na magogo yanayoweza kutoboa ubavu wa jahazi bila upepo kuwa na kosa lolote. Mkondo unaofaa ni ule usiopokea maji ya mto mkubwa.

Wasiopata mkondo watabaki kwenye nanga, na hapa naomba niende polepole, kwa sababu hesabu ya amari, yaani kamba ya nanga, ndiyo inayowapoteza wengi. Tuchukue mashua iliyotia nanga maji yakiwa yamekupwa, kina kikiwa meta 3, na kichwa cha mashua kikiwa meta 1.5 juu ya maji. Jumla ni meta 4.5. Nahodha mwangalifu anaachia amari mara saba ya hapo, yaani kama meta 31, na anaona amefanya kazi kubwa. Maji yakijaa huongezeka meta 3.5, na kimbunga kikiinua bahari kwa meta 1 tu, kichwa cha mashua sasa kiko meta 9 juu ya nanga. Zile meta 31 zimekuwa mara tatu na kitu, amari imeinuka zaidi kuliko inavyofaa, na kila wimbi linaivuta nanga kuelekea juu, jambo ambalo ni sawa na kuing'oa. Ili abaki kwenye ile mara saba aliyoikusudia alihitaji meta 63, na wenye uzoefu wa vimbunga huenda hadi mara kumi. Nani kati yetu ana meta 63 za kamba nzima chomboni? Ndiyo maana nasema kazi hii haianzi siku ya tangazo.

Meta za mwisho upande wa nanga ziwe mnyororo. Mnyororo kwa uzito wake huilaza amari chini, nanga ikavutwa kwa ulalo inavyotakiwa, na kwenye matumbawe ndio pekee usiokatwa. Hapa Mafia tunaishi ndani na kando ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, na nanga inayoburuzwa juu ya matumbawe huharibu mazalia ya samaki wetu wenyewe huku ikiwa haishiki kitu. Itafutwe sehemu ya mchanga au tope. Nanga ziwe mbili, moja ikiwa baura nzito, ile nanga kubwa ya mikono miwili, zikitengana kwa pembe upande unaotarajiwa upepo mkali, na nanga ya ndoana nne tunayoipenda kwa kuvulia isitegemewe peke yake. Kamba iwe ya nailoni, kwa kuwa hurefuka na kupokea mshtuko wa wimbi. Zile kamba nyepesi zinazoelea, zinazouzwa kwa bei nafuu madukani, hazina mvutiko na jua huziua ndani ya muda mfupi, ingawa kwa macho huonekana mpya.

Baada ya Hidaya nilipita kwenye ufukwe mmoja na kuokota ncha ya amari iliyokatika, bado imefungwa kwenye kichwa cha mashua iliyokuwa imelala ubavu. Haikuwa imekatika kwa kuvutwa, kwa sababu kamba inayokatika kwa kuvutwa hufumuka na nyuzi zake huachana kwa urefu tofauti. Hii ilikuwa imelika upande mmoja, laini kama iliyopigwa msasa, kiasi cha kiganja kutoka kwenye fundo, mahali ilipopita juu ya ubao wa pembeni. Chombo kinapoyumba usiku kucha, amari husugua mahali pamoja, na nailoni ikivutika hupata joto kwa ndani. Kipande cha mpira wa bomba la maji chenye urefu wa mkono mmoja, kikiwa kimevishwa kamba pale inapogusa ubao na kufungwa kwa uzi kisihame, kingeiokoa ile mashua. Vipande hivyo vinapatikana katika kila gereji, na kila chombo kiwe navyo vinne au zaidi, kwa kuwa hata mpira nao huliwa.

Jambo la upepo wenyewe linahitaji maneno machache lakini ya mkazo. Nguvu ya upepo haiongezeki kwa kadiri ya mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 60 kwa saa husukuma kila meta ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 17, na ukifika kilomita 120 kwa saa, ambapo ndipo tufani huhesabiwa kuwa kimbunga kamili, nguvu hiyo huwa karibu kilo 70. Foromali, yaani boriti inayobeba tanga, ikiwa na tanga lililokunjwa na kufungwa juu yake, ikiwa na urefu wa meta 10 na unene wa nusu meta, ni meta za mraba tano. Kuiacha juu ya mlingoti ni kuongeza mzigo wa kilo 350 kileleni mwa chombo, ukivutwa kwa upande. Hapo mlingoti utavunjika, au chombo kitalala, au amari itakatika. Kwa hiyo tanga litolewe lote lipelekwe nyumbani, foromali ituliwe na kuteremshwa nchi kavu, au kama haiwezekani ifungwe chini kwa urefu wa chombo kuanzia tezi hadi omo. Mlingoti wa mashua ndogo ung'olewe. Vyombo vya watalii vyenye vivuli vya turubai na nguzo zake vivuliwe vyote, pamoja na mito, maboya, majaketi na mapipa, kwa kuwa kila kilichoachwa juu ama kitaruka kimpige mtu ama kitaushikilia upepo. Mashine ifunguliwe na ipelekwe nchi kavu pamoja na tangi la mafuta. Usukani ufungwe kwa kamba pande zote mbili usichezecheze, na kwa mashua ni bora zaidi uvuliwe.

Mzigo utolewe wote. Farumi ibaki, kwa kuwa ndiyo inayokipa chombo uzito wa chini, lakini mawe yapangwe na kubanwa kwa mbao na kamba yasisogee. Jiwe moja linalogonga ubao mara elfu usiku mmoja hufanya kazi ambayo mwamba ungeifanya kwa pigo moja. Na hapa wenye vyombo wasisahau kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba. Chombo kikipindwa na mawimbi, pamba iliyooza kati ya mbao ndiyo inayotoka kwanza, na hakuna fundi atakayeweza kukikalafati chombo siku mbili kabla ya kimbunga, maana mbao zinatakiwa zikauke. Kazi hiyo ni ya Februari na Machi.

Wengi pia hawaihesabu mvua. Chombo kisicho na sitaha, chenye urefu wa meta 10 na upana wa meta 3, kikinyeshewa milimeta 100 za mvua kitapokea karibu tani tatu za maji hata kama bahari haikumwaga ndani tone moja. Chombo kilicholemewa na ngama kiasi hicho hakipandi tena juu ya wimbi. Kifunikwe kwa turubai lililovutwa barabara na kufungwa chini ya ukingo, lisiloacha tumbo la kushika upepo, na kama kina pampu ya betri basi betri iwe imejaa na bomba la kutolea maji liwe safi. Pampu isiyo na betri ya kutosha isimpe mtu matumaini, na wala isiwe sababu ya kumwacha kijana chomboni na upo, yaani kata ya kutolea maji, mkononi.

Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Katika pwani yetu bado kuna wenye vyombo wanaowaambia mabaharia wao walale chomboni kimbunga kinapotangazwa, ili wafue maji yaliyoingia ndani, walegeze amari au wawashe mashine nanga ikiburuzika. Kijana wa kazi hawezi kukataa, kwa sababu chombo si chake, mgao wake uko mikononi mwa tajiri, na kesho anataka kupanda tena. Nimemsikia mwenye mashua mmoja akisema waziwazi kwamba anayeogopa upepo si baharia. Upepo wa kilomita 120 kwa saa haumruhusu mtu kusimama juu ya sitaha, mvua yake humfunga macho, na sauti yake humzuia kumsikia mwenzake aliye umbali wa dhiraa tatu. Huyo kijana hatafua maji wala hatawasha mashine, atashikilia mlingoti mpaka chombo kizame naye. Chombo kikishaandaliwa vizuri hakina kazi ya mtu ndani yake. Viongozi wa vikundi vya BMU, yaani vya usimamizi wa fukwe, na kwa upande wa Zanzibar kamati za wavuvi na masheha, wahesabu watu kabla ya giza kuingia, na mwenye chombo atakayeacha mtu ndani achukuliwe kama aliyehatarisha maisha kwa makusudi.

Lile la kufunga vyombo ubavu kwa ubavu nalo liachwe. Vyombo viwili havipandi wimbi kwa wakati mmoja. Kimoja kikiwa juu kingine kiko chini, mbao zinasagana, na amari ya mmoja ikikatika mzigo wote unahamia kwa mwenzake. Kila chombo kipewe nafasi ya kuzunguka kwenye amari yake bila kumgusa jirani, na kwa amari za meta 60 nafasi hiyo ni kubwa kuliko madiko yetu mengi yanavyoweza kutoa. Ndiyo sababu mpangilio hauwezi kuwa wa mtu mmoja mmoja. Wanaoweza kuburuta waburute, wenye majahazi waende mikondoni, na watakaobaki kwenye nanga wawe wachache.

Mwezi nao una neno lake katika mambo haya. Hidaya ilifika siku ya 25 ya Mfunguo Mosi mwaka 1445 wa Kiislamu, siku tatu tu baada ya robo ya mwisho ya mwezi, maji yakiwa bado madogo. Ingechelewa siku tano au sita ingekutana na bamvua la mwezi mwandamo, ambapo maji hupanda juu zaidi hata bila kimbunga, na vyombo vingi vilivyookoka kwa kuburutwa hadi mahali pa kawaida vingefikiwa. Wanaojisifu kwamba walimudu Hidaya waangalie kalenda kabla ya kufanya vilevile safari ijayo.

Kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa nina ombi moja. Taarifa fupi zinazotumwa kwa simu na kusomwa redioni zitaje, pamoja na mwendo wa upepo na urefu wa mawimbi, upande ambao upepo utatokea na namna utakavyogeuka, kwa kila wilaya ya pwani, na zitaje pia saa ya maji kujaa. Sentensi moja inayosema kwamba Mafia upepo utaanza kusini na kuhamia magharibi usiku itaokoa vyombo vingi zaidi kuliko kurudia neno tahadhari mara kumi. Kwa halmashauri zetu za pwani, pamoja na mamlaka zinazosimamia vyombo vya majini Bara na Zanzibar, naomba kila diko lionyeshwe mapema mkondo wake wa kukimbilia na sehemu yake ya kuburutia, wazee wakishirikishwa kupatambua, na sehemu hizo zisigawiwe kwa ujenzi wa hoteli wala maghala. Kuna fukwe ambazo babu zetu walikuwa wakipandishia vyombo na leo zina ukuta.

Na kwako Mhariri, ningefurahi kama kila mwaka ifikapo wiki ya kwanza ya Machi gazeti lako lingechapisha jedwali la maji ya Aprili na Mei pamoja na maelekezo ya kuandaa vyombo, kwa maandishi makubwa yanayoweza kubandikwa kwenye ukuta wa soko la samaki. Magazeti husomwa dikoni hata yakiwa ya wiki iliyopita, na fundi wa kalafati, muuza kamba na mwenye chombo wote wangekuwa bado na mwezi mzima wa kufanya kazi.

Wako,

Mwenye mashua,
Kilindoni, Mafia